Dawa za virusi baada ya kupandikizwa seli shina: tathmini ya mtumiaji

Kirusi cha sitomegalo (CMV), kile kinachoweza kulala mwilini kimya kwa miaka, kilipoamka mwilini mwangu baada ya kupandikizwa, nilianzishiwa vidonge vya valgansiklovia. Kirusi ilikidhibiti, hilo siipunji. Tatizo ni kwamba ilikandamiza pia uboho mpya uliokuwa ndio kwanza unashika: nutrofili, seli nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, ziliporomoka chini ya 500 kwa maikrolita, nikawa mtu wa sindano za kuzipandisha. Nyota tatu kati ya tano.

Nikahamishiwa foskaneti. Uboho inauhurumia zaidi, ila figo ndizo zinazoumia. Dripu inatanguliwa na maji ya chumvi, na bado kalsiamu na magnesiamu hushuka. Ukihisi ganzi ya kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, mwite muuguzi papo hapo, usingoje dripu iishe. Na lile ambalo watu huona haya kulitaja: dawa hutoka na mkojo na inaweza kuchubua sehemu za siri. Nilikuwa najisafisha kwa maji kila baada ya haja ndogo, sikupata vidonda. Nyota mbili, na moja ni ya huruma.

Letamovia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni ya kuzuia sitomegalo isiamke, na ndiyo ninayoipenda: haiangushi uboho. Kichefuchefu kipo. Ukitumia saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, dozi ya miligramu 480 hushushwa hadi 240. Nyota nne, kwa sababu haizuii mkanda wa jeshi. Kwa huo, asiklovia, dawa nyingine ya virusi, bado unaimeza, tena kwa maji mengi.