Miezi minane na shawa ya maji ya chumvi, Kitengela

Kwenye ploti yetu maji ni ya kisima kirefu, na yana chumvi kiasi kwamba ukiyapikia chai unaionja. Hilo nililijua tangu nihamie. Nisilolijua ni kwamba chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniunguzia shawa ya umeme, ile inayopasha maji moto yakipita ndani yake.

Ya kwanza ilidumu miezi mitano, ya pili mitatu. Zote mbili zilikuwa za kawaida, na dukani hakuna aliyeniuliza natumia maji gani. Dalili zilifanana: maji yanaanza kuwa vuguvugu, halafu asubuhi moja unawasha na yanatoka baridi kabisa. Ila ile ya pili ilikuja na jambo jingine. Binti yangu alishika bomba akatoka mbio: "Mama, maji yananiuma!" Nikazima swichi kuu, na tangu siku hiyo tukawa tunaoga maji ya sufuria.

Fundi wa kwanza alibadilisha koili, yaani waya unaopasha maji moto, akaikaza shingo ya shawa kwa spana. Ni plastiki ile, ikapasuka, na maji yakaanza kuchuruzika kufuata nyaya. Shingo inakazwa kwa mkono tu, baada ya kuzungushiwa tepu nyeupe ya mabomba.

Fundi wa pili, mzee mtulivu, alifungua kifuniko akaniita. "Mama, njoo ujionee." Koili ilikuwa imevaa ukoko mweupe mgumu kama wa ndani ya birika, imekatika mahali pamoja, na skrubu za nyaya zimeota kutu ya kijani. Akanieleza kwamba koili ya shawa ya kawaida iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Ile ya maji ya chumvi koili yake imefungiwa ndani ya mrija wa chuma. Kisha akanionyesha waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja: umekunjwa kwenye boksi, haujaunganishwa popote. Miguu iliniisha nguvu. Mtoto wangu alikuwa anaoga hapo kila siku.

Nikanunua hiyo ya maji ya chumvi, lakini hakukubali kuifunga juu ya nyaya za zamani. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23, na waya uliokuwepo ulikuwa mwembamba mno, wa milimita za mraba 2.5, ganda lake limeshaanza kulainika. Akavuta wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la fyuzi, na athi akaiunganisha mbele ya macho yangu. Kazi hiyo ilinigharimu zaidi ya shawa yenyewe, na silalamiki.

Sasa ni miezi minane tangu aifunge. Maji ni moto, hakuna anayeumwa na bomba. Lakini Julai, baridi ikikaza, lazima nipunguze maji yatoke membamba ndipo yapate moto wa kutosha. Anayetaka maji mengi na moto mkali hapati vyote viwili. Tangi likikaribia kuisha presha hushuka, na hapo siwashi kabisa, maana koili ikikosa maji ya kutosha inaungua hata kama ni ya shawa ya maji ya chumvi.

Pia inadondosha matone kwa muda mfupi ukishafunga. Hayo ni maji yaliyobaki ndani. Yakiendelea kudondoka, tatizo liko kwenye koki ya ukutani, badilisha mpira wake. Tafadhali usifunge koki nyingine upande wa maji yanakotokea. Maji yanayochemka yakikosa njia, shawa inaweza kupasuka.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu tundu za kutolea maji huziba chumvi, na kila baada ya wiki tatu nalivua sahani lake nililoweke kwenye siki usiku kucha.