Gari la kifahari la umeme la Kichina: ukiwa Norway, ununue lipi?

Tuanze na kodi. Norway haimo Umoja wa Ulaya, hivyo ushuru wa ziada ambao Umoja huo uliyabebesha magari ya umeme ya China Oktoba 2024 haukuhusu. VAT ndiyo itakayokubana: tangu 2023 msamaha wa kodi hiyo kwa magari ya umeme una kikomo cha bei, na bei ikikizidi, kile kilichozidi hutozwa asilimia 25. Kwenye magari ya daraja hili, hilo si jambo dogo.

Magari manne haya nimeyapanga kuanzia ninalolipendekeza zaidi, nikimfikiria mtu anayetoka Oslo kwenda Trondheim, kama kilomita 500, theluji ikianguka.

1. Xpeng G9. Mfumo wake ni wa volti 800, na kwenye chaja kubwa betri hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 20 hivi. Sharti betri iwe na joto: weka chaja unayoiendea kwenye ramani ya gari mapema, liipashe moto njiani. Kilomita anazokutajia muuzaji, kwenye baridi kali punguza robo.

2. NIO ET7. Hapa unabadilishiwa betri nzima. Unasimama kwenye alama ya kituo chao, unagusa skrini, gari linarudi nyuma lenyewe hadi ndani ya kibanda. Linainuliwa kidogo, unasikia bolti zikifunguliwa chini ya miguu yako, na dakika tano baadaye unaondoka na betri iliyojaa. Wewe hujashuka. Lingekuwa la kwanza kama vituo vingekuwa kila mahali. Kagua ramani yao kabla ya kushawishika.

3. Zeekr 001, la Geely, wenye Volvo. Lenye mota mbili hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.8. Ni la wapenda kukanyaga mafuta, ingawa mafuta yenyewe hayamo. Vioo vya milango havina fremu, na asubuhi ya barafu vinaweza kuganda mlango ukagoma kufunguka.

4. Hongqi E-HS9. Viti saba, zaidi ya tani mbili na nusu, na jina lililobeba wakubwa wa Beijing tangu 1958. Kuchaji kwake ni taratibu. Lichukue kwa ajili ya familia kubwa tu.

Kabla ya kusaini, uliza gereji yao iliyo karibu nawe iko wapi, na kioo cha mbele kikivunjika utasubiri wiki ngapi. Jibu liandikwe.