AviClear: leza ya chunusi inayofuata mafuta, si weusi wa ngozi

Wenye ngozi nyeusi wana haki ya kuiogopa leza. Mashine nyingi za kliniki za urembo, hasa za kuondoa nywele, huwinda melanini, yaani rangi inayoipa ngozi weusi. Zikitumiwa ovyo zinaunguza ngozi na kuacha madoa ya miezi. AviClear, iliyopata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Machi 2022, inatumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1726. Mwanga huo hunyonywa sana na mafuta ya ngozi, na melanini hainyonyi sana. Tezi ya mafuta inapashwa joto hadi inaumia, kisha inatoa mafuta machache.

Vikao ni vitatu, kila kimoja kama nusu saa, vikiachana kwa wiki tatu hadi tano. Nyoa ndevu kabla, na uje bila vipodozi. Ncha ya mashine ina kioo cha yakuti kinachopoza ngozi kabla, wakati na baada ya kila mpigo wa mwanga. Hapo ndipo mkono wa mtoa huduma unapopimwa: kioo lazima kilale bapa. Kikiinama, kwa mfano kwenye kona ya taya au pembeni mwa pua, upozaji unapungua na malengelenge yanaweza kutokea. Maumivu ni kama raba iliyovutwa ikaachiwa, yenye moto kidogo. Wekundu na uvimbe huisha baada ya saa chache au siku chache.

Wengi hukata tamaa baada ya kikao cha kwanza, kwa sababu chunusi zinaweza kufumka zaidi kwa wiki kadhaa. Matokeo hupimwa wiki 12 baada ya kikao cha mwisho. Katika utafiti wa kuombea kibali, karibu watu wanane kwa kumi walikuwa wamepungukiwa chunusi za uvimbe kwa nusu au zaidi. Makovu na madoa ya zamani haiyagusi.

Bei, dola elfu kadhaa, ndiyo kasoro kubwa. Kwa chunusi chache tungeanza na dawa za kupaka, adapaleni na benzoili peroksaidi, tena kwa miezi mitatu kamili. Leza hii tunaipendekeza kwa chunusi kali za mtu asiyeweza kumeza isotretinoini, dawa kali ya chunusi. Kabla ya kulipa, uliza mwanga wa mashine ni wa nanomita ngapi. Ukiambiwa 755, hiyo ni mashine ya nywele.