Bampa iligoma kukaa, mzee wa Shimanzi akaiketisha

Nianze na kosa langu, maana bila hilo nisingefika kwa huyu fundi wa Shimanzi, Mombasa. Nina pikapu ya Toyota, Hilux Vigo ya 2008, diseli, ninayobebea pampu za visima kupeleka Vigurungani na vijiji vya ndani kule Kinango. Bampa ya plastiki ilikuwa imeshaunganishwa kwa waya mara tatu. Ya nne ilikuwa mbuzi wa watu pale Kasemeni. Mbuzi alipona, bampa haikupona, na ua wa mwenyewe nikaulipia mimi.

Nikaamua sasa ni chuma. Duka nililonunulia silitaji. Muuzaji aliniambia, "Vigo ni Vigo, ndugu yangu. Ukifika nyumbani unafunga boliti nane, umemaliza." Shilingi 42,000 zikaondoka.

Boliti nane hazikufungika hata nne. Jumamosi nzima tulishinda uani Mikindani, mimi na mdogo wangu, bampa iko juu ya matofali. Upande wa dereva matundu yanalingana, upande wa abiria yamepishana kama nusu inchi. Tukalazimisha kwa nyundo na mtaimbo, ikaingia. Lakini ilikaa kama kofia ya mtu aliyeamka sasa hivi: kushoto inasugua madigadi, kulia ngumi inapita. Ukingo wa juu nao umekata taa kwa chini. Nilipokwenda nayo hadi Changamwe na kurudi, rangi ya madigadi ya kushoto ilikuwa imeshachubuka.

Jirani yangu wa tuktuk ndiye aliyenielekeza Shimanzi. Gereji iko nyuma ya maghala, haina kibao wala jina. Ukiuliza mzee anayenyoosha chesisi, ile fremu ya chuma chini ya gari, utaonyeshwa. Nilitarajia atashika grainda akate mpaka iingie, kama walivyonishauri mafundi wawili niliopita kwao kwanza. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akazunguka gari mara moja bila kusema kitu, akawaambia vijana waifungue bampa waiweke kando. Kisha akaitisha uzi na timazi.

Ndiyo, timazi, ile ya waashi. Aliiteremsha kutoka kwenye matundu ya chesisi, moja baada ya jingine, na kila ilipotulia kijana akaweka alama ya chaki kwenye sakafu. Wakasogeza gari. Pale chini zikabaki alama za chaki tu, na mzee akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kama mtu anayepima msingi wa nyumba. Zilipaswa kulingana, lakini uzi mmoja ulizidi mwenzake kwa milimita 9.

"Mwanangu, hii gari ilishagongwa," akasema. "Bampa unaionea."

Aliyeniuzia gari aliniapia kwamba halijawahi kuguswa. Lakini pembe ya mbele ya chesisi, upande wa abiria, ilikuwa imerudi nyuma na kuinuka kidogo. Halafu mzee akaingiza mtaimbo chini ya kebini akainua: raba za mbele zilizobeba kebini zimelala kama chapati, ya kushoto zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifikiria. Bampa hufungwa kwenye chesisi, taa na madigadi ziko kwenye bodi, na bodi yenyewe imekalia raba. Ni vitu viwili tofauti, na vyangu kila kimoja kilikuwa kimeinamia kwake.

Muuzaji wa bampa naye hakusalimika. Mwaka 2011 Toyota walibadilisha uso wa Vigo, yaani taa, grili na boneti. Bampa yangu ilitengenezwa kwa ule uso mpya, gari langu ni la ule wa zamani. Vigo si Vigo. Mzee alikata kipande cha boksi la vigae, akakiegemeza kwenye taa, akachora ukingo unavyopaswa kwenda, na bampa ikakatwa na kuchomelewa upya ikiwa chini, mbali na gari.

Kazi yenyewe, kwa wanaotaka kujua. Pembe ya chesisi ilivutwa kwa mnyororo na jeki, polepole, bila moto. Nilipouliza kwa nini hawaipashi ili ilainike, kijana alinitazama kama nimetukana. Raba mbili za kebini mpya. Matundu ya chesisi hayakuguswa kabisa: yaliyorefushwa kwa tupa ni ya mikono ya bampa, ili iweze kusogezwa juu, chini na kando kabla ya kukazwa. Palipobaki pengo, wakaweka vipande vya bamba vya milimita 4. Boliti zilizokuja na bampa alizirudisha kwenye mfuko wake, akatumia za milimita 12 zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani za chuma kigumu. Na kila walipochomelea kitu karibu na gari, waya hasi wa betri uliondolewa kwanza. Hilo peke yake lilinitosha kuwaamini, kwa sababu namjua mtu aliyechomelewa gari betri ikiwa imefungwa, akaishia kununua kompyuta ya injini.

Tulikorofishana kidogo kuhusu mwanya. Mimi nilitaka bampa ikumbatie madigadi, ipendeze kama ya kiwandani. Mzee akakataa, akaacha nafasi ya kidole na nusu kila upande. Nilipoendelea kunung'unika hakubishana. Aliweka mataruma mawili ya zamani ya reli chini ya gurudumu la kushoto, akapandisha gari, akaniambia, "Tia kidole." Hakikuingia. Chesisi ilikuwa imejipinda huku, bodi imebaki kule, na ule mwanya niliokuwa naulalamikia umebaki kama unene wa kucha. Nilinyamaza. Halafu akakata usukani mpaka mwisho, pande zote mbili, kuona kama tairi linagusa pembe za bampa gari likiwa limeinama hivyo hivyo.

Sasa malalamiko. Aliniambia siku mbili, zikawa sita, na simu hashiki mchana. Risiti hakuna, ushahidi wako ni ujumbe wa M-Pesa tu. Kupaka rangi si kazi yao: walipiga nyeusi isiyong'aa nje, siku ya upepo, na ukiipapasa kwa kiganja utakuta chembe za mchanga. Rangi ya chini ya zinki waliipaka vizuri mbele, lakini ndani ya mikono nadhani brashi haikufika, kwani baada ya masika nimeona mchirizi wa kutu unatoka hapo. Kwa hewa yetu ya chumvi, ningeomba nipake mwenyewe kabla haijafungwa.

Uzito pia ujiandae nao. Kwenye mizani ya jirani yao wa vyuma chakavu bampa ilisoma kilo 58, na ile ya plastiki mtoto anaibeba kwa mkono mmoja. Mzee alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kabla na baada: pua ilishuka sentimita 2. Akaniambia pale pale kwamba siku moja nitahitaji springi nzito zaidi za mbele, wala hakunisukuma ninunue kwake. Taa alizipanga upya kwa kuzimulika kwenye ukuta wa ghala, bila kuongeza hata shilingi.

Jumla nililipa 18,500, raba ndani yake. Ukiijumlisha na bei ya bampa inauma, sitaficha. Baada ya kilomita 500 nilirudi kukazwa boliti kama alivyoagiza, mbili zilikubali robo zamu, na hakunitoza. Miezi minne sasa, Kinango kila wiki, madigadi hayajaguswa.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, nenda na gari tupu, maana mzigo nyuma unaharibu vipimo, na usiende Ijumaa mchana. Bampa usinunue kwanza. Mpelekee gari alipime, ndipo uende dukani na mwaka wa gari umeuandika kwenye karatasi.