Kadi za kurudishiwa hela: mwongozo wa sisi tunaopanda ndege kwenda nyumbani

Dada mmoja muuguzi wa Texas aliniandikia Januari akiwa amefura. Desemba alikuwa Dar kwenye harusi ya mdogo wake, na kwa kuwa kila mtu kazini kwake anaisifia kadi ya mkopo inayokurudishia asilimia 2 ya kila unachonunua, akaichanja hiyo hiyo kila mahali: hoteli, ukumbi, keki, tiketi za ndege za kwenda Zanzibar. Aliporudi na kufungua taarifa ya mwezi, chini ya kila muamala akakuta kamstari kadogo ka makato. Dola 2 hapa, dola 11 pale. "Dada, si walisema hii kadi haina ada?"

Haina ada ya mwaka. Hayo mengine yamo kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Na si yeye peke yake. Kila msimu wa Krismasi ukiisha napokea kilio hicho hicho kutoka Minnesota, Ohio, Maryland, wengine wamekatwa na benki tofauti kabisa.

Wanaopanga kadi kwa ubora huanza na asilimia ya kurudishiwa, wakaja kwenye zawadi ya kujiunga, wakamalizia na ada ya mwaka. Hayo mtayapata popote, mimi nayaruka. Ninaloshikia bango ni moja: makato ya miamala ya nje.

Hesabu yake ni hii. Kadi nyingi za asilimia 2 hukata asilimia 3 kwa malipo yanayokwenda kwa mfanyabiashara aliye nje ya Marekani. Ukitumia dola 3,000 Bongo, unakatwa 90, unarudishiwa 60. Umetoa dola 30 mfukoni ili upewe zawadi. Kadi ya asilimia 1.5 isiyo na makato hayo inakurudishia 45. Tofauti ya kadi hizo mbili kwa safari moja ni dola 75, na ili ile ya asilimia 2 ifidie pengo kwa nusu asilimia yake ya ziada, lazima mwaka huohuo uichanje kwa zaidi ya dola 15,000 humu Marekani. Wapo wanaofika. Mbeba boksi anayelipa pango kwa hundi na mkopo wa gari kutoka akaunti ya benki, kadi akaiachia mafuta, chakula na viatu vya watoto, hafiki kirahisi.

Msidhani pia kwamba makato yanasubiri mkanyage uwanja wa ndege. Kinachoangaliwa ni mfanyabiashara yuko wapi. Wewe ulipo haihusu, na bei kuandikwa kwa dola haikuokoi. Viza ya Tanzania kwa mwenye pasipoti ya Marekani ni dola 100. Bima ya lazima ya Zanzibar kwa wageni, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, ni dola 44. Unalipia vyote ukiwa umekaa sebuleni Silver Spring, Maryland, na bado kadi inaweza kukukata asilimia 3 juu yake. Mwenye watoto watatu waliozaliwa huku na azidishe mwenyewe. Zamani hoteli nyingi za kwetu zilitaja bei kwa dola na watu wakajifariji kuwa dola kwa dola hakuna makato. Yalikuwepo. Tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo angalau sasa hakuna wa kudanganyika.

Na mashine ikikuuliza unataka kulipa kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na upande wa mwenye mashine, nao hawapangi kwa huruma. Makato ya kadi yako, kama ni kadi ya makato, yatakuja vilevile.

Sharti kabla ya kadi yoyote

Lipa bili yote, kila mwezi. Sisemi "jitahidi". Riba ya kadi Marekani siku hizi kwa wastani imepita asilimia 20 kwa mwaka. Deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 22 linakula kama dola 18 kwa mwezi mmoja, wakati hela ya kurudishiwa kwa manunuzi hayo hayo kwenye kadi ya asilimia 1.5 ni dola 15. Mwezi mmoja tu, faida imekwisha na umeongeza yako. Halafu ukibakiza salio, kwa kawaida unapoteza ule muda wa kutotozwa riba hata kwa vitu unavyonunua leo.

Sheria ya mwaka 2009 inawalazimisha benki kukupa bili angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa, na siku hiyo iwe ileile kila mwezi. Weka malipo yajiendeshe yenyewe. Ila hapo pana mtego: watakuuliza malipo ya kila mwezi yawe kiasi gani, na kima cha chini kipo pale kinakutabasamia. Chagua salio lote la bili. Historia ya kulipa kwa wakati ndiyo asilimia 35 ya alama za FICO, zile zinazoonyesha unavyoaminika kwa mikopo, na kiasi unachodaiwa ni asilimia 30, kwa hiyo usiijaze kadi hadi ukingoni hata kama utalipa kesho.

Kama huwezi sharti hili, tumia kadi ya debiti. Hakuna aibu.

Ya kwanza: Quicksilver ya Capital One

Naipendelea waziwazi na hawanilipi hata senti. Asilimia 1.5 kwa kila kitu, bila ada ya mwaka, bila makato ya nje, bila kukumbuka mwezi huu ni zamu ya mafuta au ya mikahawa. Capital One hawakati makato ya nje kwenye kadi zao za mkopo zinazotolewa Marekani, hata zile za waanzao. Mabenki makubwa mengine mara nyingi huitunza nafuu hiyo kwa kadi za wasafiri, nyingi zikiwa na ada ya mwaka, utadhani anayekwenda kumzika bibi yake Singida anakwenda mapumzikoni.

Wana kero zao. Ukiomba kadi, huwa wanachungulia taarifa zako kwenye ofisi zote tatu za kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, ambapo wengine hutosheka na moja. Pia tazameni vizuri jina lililo kwenye barua ya mwaliko. QuicksilverOne ni kadi nyingine, ya wenye alama za wastani, na ina ada ya dola 39 kwa mwaka. Majina yamefanana mno kwa bahati mbaya tu, tuseme hivyo.

Jambo la kufuatilia: Mei 2025 Capital One walikamilisha kuinunua Discover, kampuni ya kadi yenye mtandao wake wa malipo, kisha wakaanza kuhamishia kadi zao za debiti kwenye mtandao wa Discover. Kadi ya debiti yenye nembo hiyo usiitegemee kwa ATM za Bongo. Kadi ya mkopo yenye Visa au Mastercard haina shida, lakini kabla ya safari igeuze uone nembo yenyewe.

Ya pili: Savor, ya hao hao

Hii ni ya mpishi. Asilimia 3 kwa vyakula vya dukani, mikahawa na burudani, asilimia 1 kwa mengine, bila ada ya mwaka, bila makato ya nje. Bila kikomo pia, jambo ambalo familia ya watu sita italielewa. Ila Walmart na Target hazihesabiwi kama maduka ya vyakula, kwa hiyo kama mchele wako unatoka Walmart, baki na Quicksilver. Wenye nidhamu huwa nazo zote mbili: Savor ya jikoni, Quicksilver ya mengine.

Ya tatu: kwa asiyesafiri

Citi Double Cash inarudisha asilimia 1 ukinunua na 1 nyingine ukilipa bili. Huo mpangilio naupenda, maana unakukumbusha kulipa. Active Cash ya Wells Fargo inatoa asilimia 2 moja kwa moja. Zote hazina ada ya mwaka, zote zinakata asilimia 3 nje. Kama huna safari ya miaka mingi na hununui chochote kwa wafanyabiashara wa nje mtandaoni, ni kadi nzuri kuliko Quicksilver. Nimesema. Freedom Unlimited ya Chase nayo inakata asilimia 3 nje huku ikirudisha 1.5 kwa manunuzi ya kawaida, kwa hiyo sioni inamsaidia nani kati yetu.

Blue Cash Preferred ya American Express

Wasomaji wananiuliza sana hii kwa sababu ya asilimia 6 kwenye supamaketi. Ni kweli, kwa dola 6,000 za kwanza kwa mwaka. Hiyo ni dola 360. Toa ada ya mwaka ya dola 95, unabaki na 265. Savor kwa kiasi hicho hicho inakupa 180. Kwa familia kubwa, ni hela.

Ila lazima ujue neno supamaketi linaamuliwa na nani. Kila duka linalopokea kadi limepewa namba ya aina ya biashara na kampuni inayolichakatia malipo. Supamaketi ni 5411. Lile duka la Waafrika unaponunua unga wa muhogo, dagaa na kisamvu cha kugandishwa linaweza kuwa limesajiliwa kwa namba nyingine kabisa, na hapo unapata asilimia 1. Costco na Walmart pia hazimo. Jaribu kwa kununua kitu kidogo, kisha angalia kwenye programu ya kadi ulirudishiwa ngapi kabla hujabeba mbuzi mzima. Nje kadi hii inakata asilimia 2.7, na maduka mengi ya kwetu hayaipokei. Iache Marekani.

Discover

Hawa ndio walioanzisha mtindo wenyewe wa kurudishia wateja hela, mwaka 1986. Wanatoa asilimia 5 kwa aina ya maduka inayobadilika kila miezi mitatu, hadi dola 1,500 za manunuzi, na lazima ujiandikishe kila mara. Hawana makato ya nje, sifa nzuri kwa kadi ambayo huko nje mara nyingi hutapata pa kuichanja.

Wanaoanza kabisa, wasio na historia ya mikopo: Quicksilver ya dhamana, unaweka amana ya dola 200, asilimia ileile 1.5. Kadi za dukani wanazokulazimishia kaunta, yule binti akikuambia utapata punguzo leo, mwambie asante. Riba zake nyingi zimepita asilimia 30.

Usitume hela nyumbani kwa kadi ya mkopo

Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma hela nje ya Marekani akilipa kwa fedha taslimu au hundi za fedha. Ukituma kwa kadi iliyotolewa Marekani hutozwi. Tangazo hilo limewafanya watu wafikiri wamepata njia: natuma kwa kadi ya mkopo, nakwepa kodi, narudishiwa na asilimia juu. Jamani. Benki nyingi huhesabu utumaji huo kama umechukua fedha taslimu kwenye kadi. Ada yake mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ipi iliyo kubwa, riba inaanza siku hiyohiyo bila kusubiri bili, na hela ya kurudishiwa hakuna. Tuma kwa kadi ya debiti au akaunti ya benki. Kodi hiyo haikugusi na M-Pesa ya mama inaingia vilevile.

Na wauzaji nao

Sasa hata uwe na kadi bora duniani, utakutana na yule mwenye duka aliyebandika karatasi: kadi ongeza asilimia 4. Visa wanaruhusu mfanyabiashara wa Marekani aongeze kwa kadi ya mkopo, ila tangu Aprili 2023 kikomo chao ni asilimia 3, na kwa kadi ya debiti haruhusiwi kuongeza hata senti. Massachusetts na Connecticut wamezuia nyongeza hiyo kwa sheria za majimbo. Mimi nimeongezewa kwenye debiti na wenzetu kabisa, tunaosalimiana "shikamoo mama" kabla ya kuibiana. Nikiuliza naambiwa mashine ndiyo inavyofanya.

Bongo ni kasheshe nyingine. Unaagiza, unakula, unaomba mashine, unaambiwa mtandao hakuna. Ukisema huna taslimu, mtandao unarudi, pamoja na asilimia kadhaa za juu ambazo hazikuwa kwenye menyu. Hoteli ndiyo wabaya zaidi, kwa sababu bili ni kubwa na teksi inasubiri nje. Ulizeni nyongeza ya kadi siku ya kuingia, mbele ya mapokezi, na mwombe waiandike kwenye karatasi ya chumba. Ikizidi kile kadi inachokurudishia, toeni shilingi kwa ATM kwa kadi ya debiti na mlipe mkononi.

Na yule dada wa Texas: kadi yake ya asilimia 2 nimemwambia asiifunge. Haina ada ya mwaka, na umri wake unamsaidia kwenye alama. Aichanje sheli na dukani huko huko Texas, na kabla ya Agosti aombe Quicksilver, ili Desemba akienda kwenye kipaimara cha mpwa wake iwe imeshafika.