Uzoefu wangu na fundi wa samaki aliyepima maji na kidole

Wacha niseme mapema kabla mtu hajanirukia: hii duka inauza samaki safi. Diskasi wangu wote, wale samaki bapa wa urembo wa kwa tangi, nilitoa hapo na walikuja wakiwa wazima, rangi imekolea, wakaanza kula haraka kuliko nilivyotarajia. Jina la duka sitaji, wenye tunafuga diskasi Nairobi ni wachache na maduka ya kuwauza ni ya kuhesabu, mtajijazia. Chenye kimenileta hapa ni ile huduma yao ya kuja kutibu samaki nyumbani, na hasa hasa huyo fundi wao.

Ilikuwa kwa ile baridi ya Julai, stima huku kwetu Donholm inapotea usiku inarudi ikitaka. Nikaona Mheshimiwa hataki kula. Mheshimiwa ni yule diskasi mkubwa wa bluu, watoto walimbandika hilo jina kwa sababu chakula ikiingia anakula yeye kwanza na wengine wote wanangoja pembeni. Huwa namsagia moyo wa ng'ombe, naununua kwa soko la nyama la Burma, natoa mafuta yote na ile mishipa nyeupe, nagandisha kwa friji vipande vidogo vidogo. Sasa siku hiyo kipande kinashuka mbele ya mdomo wake, anakichukua, anakitema. Kesho yake anakiangalia tu. Baadaye akaanza kuwa mweusi, ile weusi ya kuanzia mkiani, akajibanza nyuma ya hita kichwa kikiangalia chini. Mtu wa diskasi akiona hivyo hangoji kuambiwa.

Nikapiga simu dukani. Kuja kuangalia tu ni elfu mbili na mia tano, dawa ni kando, na unatuma kwanza. Nikatuma.

Fundi alikuja jioni na boda, ameshika ndoo. Ndani ya ndoo kuna neti na hio neti imelowa. Namuuliza imetoka wapi ananiambia bila wasiwasi, "Kwa mteja wa South B, pia zake zinasumbua." Yaani unatoka kwa mgonjwa na neti inadondoka maji, unataka kuitumbukiza kwa tangi yangu! Nikampa neti yangu, na hapo ndipo sura yake ilianza kubadilika, akaniona mimi ni wale wateja wa maneno mengi.

Sasa ngoja. Akakunja mkono wa shati, akaingiza kidole kimoja kwa maji, akakizungusha kama mama anayepima uji wa mtoto, akakitoa akakipangusa kwa suruali. "Maji iko sawa." Basi. Hicho ndicho kipimo. Amonia hakupima, pH (ile asidi ya maji) hakupima, na kipimajoto kimebandikwa kwa kioo pale pale mbele ya pua yake kinasoma 26, na huyu ni samaki wa mito ya Amazoni, anataka 28 kwenda 30, na akiwa mgonjwa hata zaidi. Hakuuliza natumia maji ya mfereji ama ya borehole, na hilo hapa Nairobi ndilo swali la kwanza, kwa sababu ya mfereji ina klorini na borehole nyingi huku zina maji ya alkali ambayo diskasi hawayapendi kabisa. Hakuuliza samaki ameacha kula lini. Hakusimama hata dakika mbili kuangalia kama wanapumua na mashavu yote mawili ama moja imefungwa, maana ikifungwa moja unaanza kufikiria vimelea vya mashavuni na dawa yake ni ingine kabisa.

Mimi mwenyewe ndio nikamwonyesha. Nyuma ya tumbo la Mheshimiwa kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba, unang'aa kidogo kama ute, unamfuata kila akigeuka. Akaangalia akasema, "Hiyo ni fangasi."

Akatoa chupa ya maji ya nusu lita, haina lebo, ndani kuna kitu ya bluu, akafungua akamimina. Hakuuliza tangi ni lita ngapi. Ni lita 240, na angeweza kuniuliza kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo hapo! Nikamwambia bwana, hio bluu si itaua bakteria wa filta? Ndipo akaniangalia, akafunga chupa yake polepole, akasema, "Madam, samaki akifa unanunua ingine. Si mtoto huyo."

Hio sentensi sijaisahau. Nimewahi kutukanwa na makanga wa Jogoo Road na nikalala vizuri, lakini hii ya mtu amekula pesa yangu akiwa amesimama kwa kapeti yangu na kidole bado kina maji ya tangi yangu, hapana. Na watoto wako hapo wanasikia. Mdogo akaniuliza, "Mami, Mheshimiwa anakufa?" Fundi huyo akapanda boda akaenda.

Siku chache maji ikiwa bluu, samaki unawaona kama kivuli. Halafu wale wengine wazima wakaanza kupanda juu kuvuta hewa. Nikapima, amonia imepanda, kwa sababu bila wale bakteria wa filta uchafu wa samaki unabaki kuwa sumu hapo ndani. Nikabadilisha maji mpaka mgongo ukakataa. Yule diskasi mdogo mwekundu hakupona, na huyo hakuwa mgonjwa hata kidogo kabla ya hio chupa. Nikapiga simu dukani, mwenyewe akaniambia fundi akirudi ni malipo mengine. Nikakata kabla sijasema kitu cha kunipeleka kortini.

Hapa ndio inakuwa ngumu kupeana nyota, kwa sababu picha ya ule uzi nilikuwa nimeituma kwa WhatsApp ya duka, na usiku nikapigiwa na namba sijui. Ni dogo wa pale kaunta, kijana mpole, anaongea kwa sauti ya chini kama ameiba simu. "Auntie, usiambie bosi. Hiyo si fangasi, hiyo ni choo yake." Choo ya diskasi mzima huwa nyeusi ama rangi ya chakula, na ikitoka nyeupe ya kuvutika na samaki hali, anageuka mweusi, ni vidudu vya matumbo, heksamita. Akaniambia nimulike na tochi juu ya macho, kuna vishimo vidogo? Nikamulika. Kipo kimoja, kama kimechomwa na sindano. Bluu ya kumwagwa kwa maji ingefanya nini kwa kitu iko ndani ya tumbo?

Dawa yenyewe ni Flagyl. Ndiyo, ile ile ya amiba. Pale kemisti mama akaniuliza nani ana amiba, nikamwambia samaki, akacheka mpaka akaketi. Dogo alinielekeza: toa kaboni kwa filta kwanza la sivyo inakunywa dawa yote, miligramu 400 kwa kila lita 40, saga tembe vizuri, pandisha hita hadi 32, na uweke pampu ya hewa kwa sababu maji moto hayashiki hewa vizuri. Kila siku badilisha sehemu ya maji kabla ya kurudia. Na akianza kudonoa chakula, changanya dawa na ule moyo wa ng'ombe, maana kupitia chakula ndio inafika vizuri.

Ilichukua muda, lakini rangi ikaanza kurudi kutoka usoni. Halafu asubuhi moja nikaangusha kipande na Mheshimiwa akatoka nyuma ya hita, akakimeza, akafukuza wenzake. Watoto walipiga makofi.

Kwa hivyo nyota ngapi? Nilikuwa nimeweka moja, nikaongeza zikawa tatu kwa sababu ya dogo, halafu nikakumbuka dogo alinipigia na airtime yake akiogopa kufutwa, kwa hivyo hizo si za duka, ni zake, na nimemtumia ya chai. Samaki wao bado ni wazuri, siwezi danganya, na pengine nitanunua mwekundu mwingine huko huko kwa sababu hakuna kwingine naamini. Lakini silikoni ya kona za tangi bado ni bluu mpaka leo, haitoki hata ukisugua vipi, na jana wamenitumia ujumbe ati wana ofa ya kutembelewa nyumbani. Nimerudisha iwe moja. Na ile elfu mbili na mia tano ya kupima, bosi, naidai bado, namba unayo.