Fremu nzuri, mchoro wameuua: uzoefu wangu na fundi fremu

Nianze na sifa kabla hasira haijapanda: kona za fremu ni safi. Mbao zimekatwa digrii 45 na zimekutana, hata wembe haupenyi. Sifa zimeishia hapo.

Kilichopelekwa dukani wiki kadhaa zilizopita ni ukurasa mzima wa gazeti la The Illustrated London News wa mwaka 1868: vita vya Magdala, Ethiopia, askari wa Jenerali Napier, Mwingereza, wakipanda kuelekea ngome ya Mfalme Tewodros. Juu kabisa palikuwa na jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa. Palikuwa. Fundi ameunyoa ukanda huo, kama sentimita mbili hivi, ili karatasi iingie kwenye fremu aliyokuwa nayo tayari. Kuulizwa, jibu: "Bosi, si gazeti kuukuu tu hilo? Nimekunyooshea."

Kuninyooshea! Bila ukanda ule, mtu yeyote anaweza kukuambia hiyo ni nakala ya juzi, na huna la kumwonyesha.

Na "gazeti tu" lenyewe lilitengenezwa hivi. Mchoro ulichongwa kwenye vipande vya mbao ngumu vilivyokatwa kukingama na nyuzi za mti. Mti wenyewe una shina jembamba, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande vingi vilivyokazwa kwa nati kwa nyuma. Kila mchongaji alipewa kipande chake, kisha mmoja akaunganisha mistari pale vipande vinapokutana. Sogeza jicho kwenye moshi wa mizinga: utaona uzi mweupe mwembamba unashuka wima, umenyooka kama rula. Hapo ndipo pa kuungia. Moshi wenyewe ni mistari inayokonda mpaka inapotea. Hapo nakiri nilisahau ugomvi kwa dakika tatu nzima, nikataka kuongeza nyota.

Kisha nikageuza fremu.

Karatasi imebandikwa yote, kona hadi kona, juu ya kadibodi ya kahawia kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya maji hufanya karatasi nyembamba ivimbe. Ikikauka tayari imeshikwa, haina pa kurudi, ndipo vinatokea viputo. Hapa viko vinne, kimoja katikati ya mteremko wa mlima. Gundi hiyo ikishakauka haiyeyuki kwa maji, ukilazimisha unachana. Safu za habari zilizokuwa nyuma ya ukurasa ndiyo kwaheri. Kadibodi nayo ina asidi, itatoa madoa ya kahawia taratibu. Na kioo kimelala moja kwa moja juu ya wino. Kwa unyevu wa pwani, karatasi hunata kwenye kioo na ukungu hufuata.

Kazi yenyewe si ngumu. Vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, upana wa kidole, vinabandikwa nyuma kwenye ukingo wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa ikapoa. Karatasi inaning'inia, inapumua. Kadibodi isiyo na asidi nyuma, nyingine yenye dirisha mbele ili kioo kikae mbali. Fremu haitoshi? Tengeneza kubwa zaidi! Mbao si ndiyo kazi yako?

Labda kwa picha za harusi anafaa; zinachapishwa tena. Kwa kona zile nampa nyota mbili.

Nimepita dukani kuulizia ule ukanda. Kijana wake akaonyesha pipa: "Zilishachomwa, mzee."

Nyota moja.